Tusimwage dizeli kwenye mashimo ya chenene

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu, aliyeandika hivi karibuni kuwashauri wenye bustani wamwage dizeli au dawa ya wadudu kwenye kila shimo la chenene, yule nyenje mkubwa anayechimba mashimo shambani, na nyenje wadogo wakianza kulia ndani basi ipulizwe nyumba nzima. Barua yake ilikuwa na hasira, na hasira yake naielewa. Mimi nalima mboga Ipogolo, hapa Iringa, kwenye kipande cha kukodi kilicho jirani na Mto Ruaha Mdogo, na nyumbani nina vyumba viwili nimevipangisha. Kwa hiyo wadudu hawa wananisumbua kotekote: bustanini wanaimaliza miche, nyumbani wapangaji hawalali. Lakini ushauri ule ukifuatwa mtaani kwetu, chenene ndiye atakayekuwa wa mwisho kufa.

Nianze na nyumbani, ambako kazi yenyewe ni nyepesi.

Mvua za kwanza zikishashuka, Novemba mwishoni au Desemba, nyenje wanaanza kuingia ndani. Ni wale weusi au wa kahawia, wadogo kuliko chenene, wanaojificha nyuma ya ndoo na chini ya kabati. Waswahili husema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Mpangaji je? Mmoja wa wapangaji wangu, kijana anayesomea ualimu, kwao Dar es Salaam, alinigongea usiku wa manane. "Shikamoo mama, samahani sana. Kuna kitu kinalia chumbani. Nikiamka kukitafuta kinanyamaza, nikilala kinaanza." Chumba kizima kilinuka dawa ya mbu. Kopo alikuwa amelimaliza karibu lote, mpaka juu ya kitanda anacholalia, na nyenje bado yuko salama.

Nilimwambia akae kitandani, atulie, asikanyage sakafu. Nyenje anausikia mtikisiko wa miguu yako kabla hujamkaribia. Masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, na nyuma ana vimikia viwili vyenye vinyweleo ambavyo vinampa habari hata ya upepo wa mkono unaomjia. Ukitulia kwa dakika chache anarudia kulia. Basi unasogea anapolia, unasimama anaponyamaza, mpaka unajua yuko nyuma ya kitu gani. Huyu alikuwa nyuma ya begi. Tulimfunika kwa glasi, tukapitisha karatasi ngumu chini yake, tukamtupa nje. Kazi imekwisha, na hakuna aliyevuta sumu.

Kijana akataka kujua kama wamebaki wengine. Nikamwambia wanaolia ni madume peke yao, kwa hiyo kimya si ushahidi. Tena dume hasugui miguu kama wengi wanavyodhani, anasugua mabawa: bawa moja lina mshipa wenye meno kama tupa, na jingine lina ukingo mgumu unaopita juu ya meno hayo. Jike hana sauti. Utamjua kwa mrija mwembamba uliochongoka unaotokea nyuma, na watu wanauogopa mrija huo wakidhani ni mwiba wa sumu. Ni wa kutagia mayai kwenye udongo wenye unyevu, haumchomi mtu. Nyenje hana ugonjwa wowote wa ajabu wa kukuletea. Ubaya wake, ukiacha kelele, ni kwamba atatafuna makombo, karatasi, na nguo iliyoloa jasho au kumwagikiwa uji ukiiacha kwenye beseni siku nyingi.

Kinachomleta ndani ni vitu vinavyoonekana kwa macho. Cha kwanza ni taa. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zina taa nyeupe kali juu kabisa ya mlango wa mbele, inawaka usiku kucha kwa ajili ya wezi. Wadudu wanaijia taa, wanadondoka mlangoni, na chini ya mlango kuna uwazi wa kupitisha kidole. Mimi taa niliihamishia kwenye nguzo ya geti, nikaweka balbu ya rangi ya njano, ambayo haiwavuti sana. Chini ya milango fundi alipigilia kipande cha tyubu kuukuu ya gari, kikawa kinagusa sakafu mlango ukifungwa. Tyubu hizo mafundi wa pancha wanazitupa, ukiomba unapewa. Kingine ni vitu tunavyoviegemeza ukutani: matofali yaliyobaki tulipomaliza kujenga, mabati ya zamani, kuni, gunia la mkaa, mabua ya kulisha ng'ombe wa jirani. Chini ya vitu hivyo kuna unyevu, kivuli na chakula. Visogeze mbali na ukuta, fagia palepale, na nusu ya kelele itahama navyo. Kama bado wanaingia, tafuta bomba linalovuja au karo iliyo na maji.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Hapo hapana mahali panapodai kupuliza nyumba ambamo watu wanalala na watoto wanatambaa.

Bustanini ni habari nyingine, na hapo ndipo ninapogombana na barua ile.

Msomaji wetu alisema kila mche ukikatwa, chenene ndiye mwizi. Si kweli. Kabla hujaadhibu, kagua. Ukifika asubuhi ukakuta mche wa kabichi umekatwa usawa wa udongo lakini umelala palepale, unanyauka, fukua kwa kidole kuzunguka shina, usiende mbali. Mara nyingi utamkuta funza mnene wa rangi ya udongo, ukimgusa anajikunja. Huyo ni sota, mtoto wa nondo, na mashimo yote ya chenene unayoyazibia dizeli hayatampunguza hata mmoja. Unamwokota kwa mkono na kumponda, au unampa kuku.

Ukikuta mche haupo kabisa, kimebaki kisiki tu, huyo sasa anaweza kuwa chenene. Yeye hali mezani, anabeba kwenda kwake. Tazama hatua moja au mbili kutoka hapo: kutakuwa na kichuguu kidogo cha udongo mbichi uliochambuka, na chini yake shimo ambalo kidole gumba kinaingia. Mara nyingine ncha ya jani inachungulia, kwa kuwa mzigo ulimkwamia mlangoni. Mchana huwa ameziba mdomo wa shimo kwa udongo huo huo, ndiyo maana mwenye haraka hulipita bila kuliona.

Halafu yuko wa tatu. Ukiona udongo umeinuka kwa mistari mistari juu ya tuta, hasa karibu na mfereji, na miche inanyauka ingawa shina halijakatwa, aliyeko chini ni mdudu mwingine wa jamii hiyo hiyo, yule mwenye miguu ya mbele mipana ya kuchimbia. Anaishi kwenye udongo uliolowa, anapita chini kwa chini, na mizizi ndiyo inayoumia. Ukimkuta huyu, jiulize kwanza kama humwagilii maji kupita kiasi.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mbegu chotara za kabichi na nyanya siku hizi si pesa ya mchezo, na mtu aliyepoteza tuta zima kwa usiku mmoja hana subira. Anakimbilia dukani. Dukani anauziwa nini?

Anauziwa dawa iliyokwisha kumiminwa kutoka kwenye chombo chake na kutiwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Haina karatasi, haina jina, haina tarehe. Muuzaji anasema, "Weka vifuniko viwili kwa ndoo." Ni dawa gani? "Ya wadudu." Unavuna baada ya siku ngapi? "Ukiona wamekufa." Nimesimama kwenye kaunta ya namna hiyo na nimeyasikia majibu hayo kwa masikio yangu. Mchicha unakatwa wiki chache tu baada ya kusia, na wateja wangu wananunua asubuhi ili wapike mchana. Dawa iliyotengenezwa kwa zao la kusubiri miezi ukiimwaga kwenye tuta la mchicha, unampelekea mtu sumu mezani na pesa unapokea. Na chupa ya soda, machoni pa mtoto wa miaka minne, ni soda.

Nchi yetu ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na usajili wa viuatilifu ni mojawapo ya kazi zake. Dawa inasajiliwa kwa jina lake na kwa matumizi yake. Ikishamiminwa kwenye chupa ya soda, usajili wote umebaki kwenye kopo tupu nyuma ya duka.

Mwenzangu mmoja wa bustani, upande wa juu wa mto, alimwaga dawa ya chupa ya namna hiyo mashimoni jioni. Chenene hafi papo hapo. Anatoka nje akiyumba, asubuhi analala juu ya tuta miguu ikitetemeka. Kuku walikuwa wa kwanza kuamka. Alipoteza kuku wake wa kienyeji karibu wote, na wiki iliyofuata miche mingine ikakatwa, kwa sababu chenene wa mashimo ya jirani hawakuhusika na dawa ile. Sikumcheka, kuku wale walikuwa ada ya shule.

Na si kuku peke yao. Kila msimu vijana wa huku Ipogolo na wa kule Kitwiru wanapita jioni na jembe na kopo, wanachimba chenene. Wanamnyofoa miguu na mabawa, wanamtoa utumbo, wanambanika kwenye makaa au kumkaanga kwa chumvi. Wapo watu wazima wanaojidai kuona kinyaa na huku wanasifu senene wa Bukoba, ambaye ni ndugu wa karibu tu wa chenene. Mimi sili, lakini sina neno na anayekula. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti nzima mwaka 2013 kuhusu wadudu kama chakula, na nyenje wamo. Ambaye mwili wake unakataa kamba wa baharini awe mwangalifu, mwili huo huo unaweza ukamkataa na nyenje. Sasa niambie, Mhariri: mimi nikimwaga sumu leo kwenye shamba lisilo na uzio, kesho mtoto wa watu akachimba chenene anayeyumba, nani atamwambia asile?

Dizeli nayo ina hesabu mbaya. Shimo la chenene mkubwa halishuki moja kwa moja. Linakwenda mshazari, linapinda, linaweza kupita nusu mita kabla ya kufika kwenye chumba anachokaa. Udongo wetu huku chini ni wa kichanga, na ukimwaga kikombe cha dizeli mdomoni, mchanga umekwisha kuinywa kabla haijafika kona ya kwanza. Yeye yuko chini anatafuna kabichi. Kinachobaki ni udongo unaonuka na sehemu ya tuta isiyoota kitu. Tena mvua ikipiga, mafuta yale yanakwenda wapi? Mto uko hatua chache. Ndiyo maji ninayomwagilia, ndiyo maji ambayo akina mama wa chini yangu wanafulia, na Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, unaokwenda Bwawa la Mtera. Bei ya dizeli yenyewe sijaitaja.

Nitaulizwa, basi unafanya nini wewe? Nafanya mambo madogo madogo, mengi yake kabla mche haujagusa shamba.

Kitalu changu hakiko chini. Nimetengeneza kichanja cha mianzi, urefu wa kiuno, nguzo zake zimesimama kwenye makopo yenye maji, na miche inakaa juu huko mpaka shina liwe gumu. Chenene anapenda mche laini wa majani mawili. Mche wenye shina la unene wa penseli anaweza kuujaribu, lakini mara nyingi anauacha. Kabla ya kuhamisha, natifua matuta na kuwaachia kuku asubuhi nzima wafukue. Wanakula chenene wadogo, sota na mayai ya kila aina, kisha nawafungia, kwa kuwa kuku naye akikuta mche hana adabu. Kando ya matuta nafyeka majani yote, kwani kichaka kilichogusa tuta ni barabara yao. Matandazo nayaweka mche ukishashika, wala siyaegemezi kwenye shina. Maji namwagilia asubuhi, si jioni, ili usiku ukiingia juu ya udongo pamekauka.

Miche ya thamani, kama nyanya na pilipili hoho, naivisha pete. Chupa ya maji ya plastiki ikikatwa vipande inatoa pete kadhaa. Unaizamisha pete ardhini kiasi cha kiungo kimoja cha kidole, sehemu yake nyingine inabaki juu. Sota anashindwa, chenene naye anashindwa. Asiye na chupa akate gamba la mgomba alizungushe, litaoza lenyewe mche ukishakomaa. Majivu nayo yanasifiwa sana. Yakiwa makavu yanafaa kidogo, mvua moja imeyamaliza, na msimu wa chenene ndio msimu wa mvua.

Halafu ipo mitego. Msimu huo huo ndio wa ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo hapa Iringa haina haja ya kuelezwa. Nazika kopo mpaka mdomo wake uwe sawa na ardhi, natia ulanzi mtamu kiasi cha vidole viwili uliochanganywa na maji, naweka kigae juu kwa mawe matatu ili mvua isijaze na kuku wasichungulie. Harufu ya kitu kitamu kinachochacha inawavuta. Asiye na ulanzi atumie molasi au machicha ya pombe. Asubuhi unakuta nyenje, chenene wadogo, na mara nyingine konokono ambao sikuwaalika. Wale wakubwa wenye mashimo hawaingii sana kwenye kopo, wanataka wafuatwe.

Kuwafuata ni kazi ya usiku, na nakiri ninaipenda. Unavaa sweta, viatu vya mpira, tochi yenye mwanga mdogo, jembe dogo begani. Dume mkubwa anasimama mdomoni mwa shimo na kupiga kelele ambayo ukiwa karibu naye inaumiza masikio, huwezi hata kujua inatoka upande gani. Usimwelekee moja kwa moja. Tembea akilia, simama akinyamaza, hata kama mguu mmoja uko hewani. Ukishamwona, usimrukie yeye. Piga jembe kwa mshazari nyuma yake, likate njia ya shimo, ndipo umshike mgongoni, nyuma ya kichwa. Ni wa kahawia, kichwa kikubwa kinachong'aa, wakubwa wao wanafika sentimita 5, na miguu ya nyuma ina miiba. Akikupiga teke utatoka damu, na meno yake yanajua kuuma. Nimezoea kuwaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, asubuhi wanakwenda kwa kuku.

Asiyetaka kukesha atafute mashimo yenye udongo mbichi asubuhi, afungue mdomo wa shimo kwa kijiti, amimine maji yenye sabuni kidogo ya unga, polepole, lita kadhaa. Subiri. Wengi wanapanda juu wenyewe. Asipotoka, ingiza bua la nyasi lifuate mpindo wa shimo, uchimbe kwa kulifuata hilo bua, la sivyo utachimba kaburi na humpati.

Ikija baridi ya Juni na Julai, wote kimya. Mwili wa mdudu unafuata joto la hewa, kukiwa baridi hana nguvu ya kulia. Kijana wangu wa ualimu ndiye aliyenisimulia kwamba Mmarekani mmoja, Amos Dolbear, aliandika mwaka 1897 jinsi ya kukadiria joto la usiku kwa kuhesabu milio ya nyenje katika dakika moja. Sasa anatoka nje na simu yake kuhesabu, yule yule aliyemaliza kopo la dawa. Mimi ninachojua ni kwamba usiku wa mawingu na joto ndio usiku wa kutoka na jembe.

Wanaokula chenene nao wako upande wetu, tukiwaacha. Vyura wa mferejini, kalunguyeye, bundi, na korongo wanaotua mashambani wakati wa mvua wakiokota kila kinachoruka. Yupo pia nyigu anayemchoma nyenje akapooza bila kufa, akamburuta mpaka shimoni kwake awe chakula cha mtoto wake. Nimemwona akimvuta nyenje mzito kuliko yeye, kinyumenyume, akivuka tuta zima la figiri, akikwama kwenye bonge la udongo anamweka chini, anakwenda kukagua njia, anarudi kumchukua. Ukipuliza shamba zima, hawa wote wanakwenda, na chenene wa jirani wanaingia kwenye shamba lisilo na adui.

Sisemi dawa zisitumike kabisa. Mwenye kitalu cha maelfu ya miche ya misindano kule Mufindi hawezi kukesha na jembe kama mimi. Lakini huyo anunue dawa ndani ya kopo lake, lenye maelezo yanayosomeka, iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, na aitumie kama chambo: ichanganywe na pumba, iwekwe ndani ya bomba au chini ya kigae ambako kuku na mtoto hawafiki, karibu na shimo lenyewe. Na avae glavu. Kumwaga ovyo kwenye kila tundu la ardhi si kilimo.

Kwa wenye maduka ya pembejeo wa hapa mjini, ombi langu ni moja: acheni kumimina. Anayetaka kidogo auziwe pakiti ndogo iliyofungwa kiwandani, na kama hakuna, aambiwe hakuna. Serikali za mitaa zetu zinaweza kupita kwenye kaunta hizo bila kusubiri mtu afe. Chupa zenyewe hazifichwi, zimepangwa rafuni.

Afisa ugani wa kata naye tunamwomba aje Novemba, kabla ya kuhamisha miche, si Februari tukishapata hasara. Wenye bustani za kando ya mto tunafahamiana wote, na tukikubaliana kufyeka mipaka na kuchimba mashimo kwa wiki moja, kila mtu kwake, hakutakuwa na shamba la kuwakimbizia. Jioni ya Jumapili wengi tunakuwepo. Aje na viatu vya mpira, jembe nitampa.

Mkulima wa mboga,
Ipogolo, Iringa